Ufunguo wa Pili na Treni ya Saa Moja na Robo

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimezaliwa upya. Waliosema kichwa changu ni cha kubebea kofia tu, wajiandae kuniomba radhi. Wapange foleni, wasisukumane.

Mambo yenyewe ni haya. Karakana ya baiskeli ya Mjomba ina funguo mbili. Wa kwanza uko shingoni mwa Mjomba, hata akioga hauvui. Wa pili umetundikwa kwenye msumari juu ya benchi tangu fundi wa zamani aondoke. Mimi nimefanya kazi pale miaka minne. Miaka minne kila asubuhi nakaa kizingitini kama mzigo uliokosa mwenyewe, nasubiri kufunguliwa. Paka anapita kwenye tundu la dirisha. Paka! Mimi nasubiri.

Leo Mjomba katangaza. Wateja wake wa Jumapili wamechoka kuzunguka mitaa ileile. Wanataka safari ya mbali, ya siku moja. Atakayewapangia, akawatoa na kuwarudisha, watu wote na baiskeli zote ndani ya mlango kabla hajafunga saa kumi na mbili jioni, atachukua ufunguo wa pili.

Wagombea tuko wawili. Mimi na Rula. Rula ni binamu yangu, mtoto wa Mjomba mwenyewe. Kasoma shule mpaka shule ikaisha. Hawezi kukaza nati bila kuchora mstari kwanza, ndiyo maana tukampa jina hilo. Mimi na shule tuliachana njiani, kwa makubaliano ya upande mmoja.

Rula kasema twende kwa baiskeli, turudi kwa treni, ili watu wakichoka wapakiwe. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Tairi ikipasuka porini, treni itamsubiri nani? Utaendesha kutwa nzima unatazama saa badala ya barabara! Mimi nikageuza. Asubuhi treni itupandishe mpaka Kituo cha Juu, halafu turudi kwa baiskeli, taratibu, kwa raha zetu. Nyumbani hakuhami. Tena ni mteremko mtupu. Juu ni juu.

Mjomba akakuna kidevu. Akasema wazo langu ni zuri. Nimeliandika hapa kwa sababu halijawahi kutokea. Halafu akauliza ni kilomita ngapi. Nikamwambia jibu atalipata kesho. Rula akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Ngoja tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata jibu, bila msaada wa mtu.

Pale kituoni kwetu kuna ramani kubwa ukutani. Nimekwenda na waya wa breki. Nikaulaza juu ya mstari mweusi kutoka Kituo cha Chini, yaani hapa kwetu, mpaka Kituo cha Juu, kona kwa kona. Nikaunyoosha, nikaupima kwenye kile kipimo kilichochorwa chini ya ramani. Kilomita thelathini na nane! Nani anahitaji rula?

Rula kasema mstari mweusi ni reli. Barabara ni ule mwekundu. Nikamwambia mweusi unaonekana vizuri zaidi. Halafu, reli na barabara zote zinatoka huku na kufika kule. Au barabara inapitia ukweni kwanza kusalimia? Fundi viatu wa mlango wa pili akacheka mpaka akadondosha nyundo. Rula hakucheka. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Lina jalada gumu na kamba ya kuonyesha ukurasa. Jitu zima na kamba!

Jumatano, 5 Juni

Wasafiri nimewapata. Wanne, na mimi wa tano.

Wa kwanza Shangazi, fundi cherehani. Kajishonea suruali maalumu ya baiskeli yenye mifuko saba na anatafuta pa kuionyesha. Wa pili na wa tatu ni Mapacha, waoka mikate. Kuamka alfajiri kwao si habari, na nimewaambia waziwazi kwamba mikate itakuwa juu yao.

Wa nne ni Mwalimu.

Huyu lazima nimweleze vizuri. Alinifundisha hesabu, au tuseme alisimama mbele yangu akisema hesabu. Siku moja alimwita Mama shuleni. Akasema mbele yangu kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayenikabidhi kitu chochote, hata ufagio. Mama alinishika mkono mpaka nyumbani, na jua lilikuwa kali lakini mkono wake ulikuwa wa baridi.

Sasa Mwalimu kastaafu, anaendesha baiskeli kwa ajili ya magoti. Leo nimemwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniita Sifuri, kama zamani. Vizuri. Aje. Jumapili saa kumi na mbili jioni awe amesimama palepale mlangoni, aone ninavyouzungusha ufunguo kidoleni. Nimeshaanza mazoezi kwa spana namba kumi. Imeanguka mara sita. Mara moja kwenye kikombe cha chai cha Mjomba.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeonana na gadi wa treni. Mwembamba, filimbi shingoni, kofia kaikandamiza mpaka kwenye nyusi. Kaniambia baiskeli hazikai na abiria, zinakwenda behewa la mizigo. Na kila moja iwe na lebo inayosema inakwenda wapi. Yeye haulizi watu. Anasoma karatasi.

Nikamwambia, mzee wangu, leo umekutana na mtaalamu.

Kwetu karakanani hakuna baiskeli isiyo na lebo. Ikiingia tu naifunga kwenye usukani, na lebo inasema inatakiwa kurudi wapi. Buchani. Nyumba ya bluu. Kwa mkunga. Miaka minne ni mimi ninayeziandika. Ndiyo kazi pekee ambayo Mjomba hajawahi kuirudia baada yangu.

Jioni nimeandika tano, kwa mwandiko wa kutulia, herufi kubwa. KARAKANA YA MJOMBA, KITUO CHA CHINI. Hata zikipotea zitarudishwa! Shangazi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akauliza mbona karatasi hazisemi kwamba tunapanda juu. Nikamwambia, Shangazi, kule juu tunapita tu. Mwisho wa safari ni nyumbani. Akanitazama, akasema kweli nimekua.

Ijumaa, 7 Juni

Rula anapaka cheni yake mafuta na kupiga mluzi. Sipendi mluzi wake.

Jumamosi, 8 Juni

Rula kamwambia baba yake kwamba kesho haji nasi, ana shughuli zake. Woga tu. Hataki kuniona nikivimba.

Mapacha wamenipa cheo cha Mkurugenzi. Mjomba kanikumbusha saa kumi na mbili. Nikamjibu kwamba saa tisa tutakuwa tumeshakunywa chai na tunasimulia. Akatazama ule msumari wenye ufunguo, akanitazama mimi. Kisha akasema nipumzike mapema.

Nimeandaa hotuba ya kutoa tukifika. Ina sehemu tatu.

Jumapili, 9 Juni

Saa nne kasoro robo asubuhi. Naandika nikiwa kwenye benchi la Kituo cha Juu. Nimejikunyata kwa baridi ya huku. Si kwa kitu kingine.

Mwanzo ulikuwa mzuri ajabu. Gadi alipokea baiskeli tano, akasoma lebo tano, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa moja na robo juu ya alama, treni ikang'oka. Reli inapanda pembeni ya mto, polepole kama mjamzito kwenye ngazi. Mwalimu akalala mdomo wazi. Mapacha wakagawa mikate. Mimi nikawaonyesha abiria wengine mahali tutakapopita tukishuka, ingawa barabara yenyewe sikuiona hata mara moja. Nikajua ipo nyuma ya miti.

Tukafika. Tukashuka kwa mikogo. Nikawapanga mstari, nikaanza hotuba. Nilikuwa kwenye "ndugu zangu" ya tatu filimbi ilipolia.

Treni ikaondoka. Na baiskeli.

Nikatoka mbio. Mimi nakimbia vizuri. Treni inakimbia vizuri zaidi. Gadi alikuwa kasimama kwenye mlango wa behewa la mizigo. Nikapiga kelele, baiskeli, baiskeli! Akaninyooshea kidole kwenye lebo iliyokuwa karibu naye, akanipungia mkono. Kwa heshima kabisa.

Mkuu wa kituo kapiga simu mbele. Jibu limerudi. Baiskeli ziko salama. Zinakwenda mpaka mwisho wa reli, zitageuka na treni, na zitakabidhiwa Kituo cha Chini leo saa kumi na nusu jioni, kama zilivyoandikwa. Akauliza nani mwandishi. Akasema mwandiko unasomeka, ni jambo la nadra siku hizi.

Mapacha wamelala kwenye sakafu ya kituo wakicheka. Shangazi kakaa na suruali yake ya mifuko saba, kasema Alhamisi roho ilimwambia, ila nilikuwa na maneno matamu. Mwalimu kanipa mgongo, anasoma ratiba ya treni ukutani. Afadhali angenitukana.

Nikatamka wazi wasikie wote. Gadi kafanya kusudi! Mtu mzima unashusha watu watano wenye helmeti vichwani, hujiulizi?

Saa sita mchana. Kafika mtu kutoka chini, kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Rula!

Kaondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Kafunga mita ya kilomita kwenye gurudumu. Akashuka mbele yetu, akasema sitini na moja nukta nne, na vilima viwili, halafu akakaa chini na hakuweza kusimama tena. Miguu inacheza yenyewe kama ya kuku. Nikamuuliza kajitesea nini. Akasema alitegemea kutukuta mwanzo wa barabara, atugeuze mapema tungojee treni ya mchana. Kwa sababu ya Shangazi na magoti ya Mwalimu.

Nikamwambia asijifanye mwema. Shangazi kampa maji na nusu ya mkate wangu.

Saa nane na robo. Treni imerudi. Baiskeli zetu zimo, nimeziona kwa macho yangu, zimepangwa kama wanafunzi. Nikamdai gadi azishushe. Akanisomea lebo polepole, kidole chini ya kila neno. Akasema kafanya kazi kwenye njia hii miaka ishirini na miwili na hajawahi kushusha mzigo mahali ambapo karatasi haijasema. Nikamwambia mwenye mzigo ni mimi. Akasema mwenye mzigo ni karatasi.

Mapacha wakasema hata akizishusha, muda wa kilomita sitini na moja umeshapita. Shangazi akaamuru wote wapande. Wakapanda. Rula wakambeba kama gunia la unga.

Mimi nikabaki chini. Nilisema mtu atakwenda kwa treni na kurudi kwa baiskeli, na mtu huyo angalau mmoja lazima apatikane. Baiskeli moja ilikuwepo, ya Rula. Nikamwambia nimeiazima, akasema kupitia dirishani kwamba kiti kimeganda, hakishuki. Miguu yake ni mirefu kama ya korongo. Nikasema nitaendesha nimesimama. Shangazi akaniita kichwa maji mbele ya abiria wote, lakini akanirushia chupa ya maji kutoka kwenye mfuko wa nne.

Mwalimu akatoa kichwa nje. Maneno yake ya kwanza tangu asubuhi! Akasema una saa tatu na dakika arobaini na tano, una kilomita sitini na moja, kila saa utakwenda ngapi?

Nikajibu, nyingi.

Akafunga dirisha.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika nikiwa nimesimama. Sababu iko wazi.

Kwanza iandikwe kwamba mteremko ulikuwepo! Dakika kumi na mbili. Barabara ikaanguka mbele yangu, upepo ukanijaza shati, nikapita kisima, nikapita ukuta wa shule, nikawapita watu waliokuwa wanatengeneza paa, wote wakageuka. Nilipiga kelele peke yangu na sikuona aibu. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kasi kama ile kwa akili yake mwenyewe. Wazo ni zuri. Mjomba alisema, na nalirudia hapa.

Baada ya hapo mto ukakata kushoto na reli ikaufuata. Barabara ikakata kulia, ikaanza kupanda. Ikapanda mpaka kwenye machimbo ya kokoto. Ikashuka kidogo, ikajuta, ikapanda tena mpaka kwenye tangi la maji. Ni kweli. Ilikuwa inapitia ukweni. Tena ina wakwe wawili.

Kilima cha pili nilisukuma. Hakuna aliyeniona isipokuwa mbuzi, na hakuna atakayemuuliza.

Nilifika karakanani saa moja na dakika kumi. Giza limeshaingia. Mlango umefungwa. Nikakaa kizingitini, mahali pangu pa kila siku, na baiskeli ya Rula mapajani. Lakini taa ya juu ya mlango ilikuwa inawaka. Mjomba haiwashi taa ile, anasema inamaliza umeme bure. Nikaitazama kidogo. Halafu nikaenda nyumbani.

Asubuhi nimesimama mbele ya Mjomba na kutoa hoja yangu, Mapacha mashahidi. Nilimwambia masharti yalikuwa watu wote na baiskeli zote kabla ya saa kumi na mbili. Baiskeli tano zilizotoka, tano zimeingia saa kumi na moja kasoro. Watu wameingia. Lebo imefanya kazi yake. Nani mwingine angepanga safari ambayo baiskeli zinarudi zenyewe?

Mjomba akahesabu kwa vidole. Baiskeli tano, sawa. Watu wanne. Na mtoto wa dada yake yuko milimani, kasimama kwenye pedali za baiskeli ya mwanawe. Akasema hakufunga saa kumi na mbili. Alifunga saa moja, na hakuipenda saa ile nzima.

Nikasema taa niliiona. Akasema taa gani, akaondoka kwenda kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Jumanne, 11 Juni

Mwalimu kapita karakanani. Alizifungua zile lebo tano kwenye usukani Jumapili na kwenda nazo kwake. Kazirudisha zimesahihishwa. Kalamu nyekundu! Kwenye kila moja kaandika: "Mwandiko 7/10. Swali halikujibiwa: unakwenda wapi?"

Saba! Kwa mkono wa Mwalimu! Sijawahi kuvuka mbili. Nikamuuliza kama angejiunga na safari nyingine. Akasema benchi la Kituo cha Juu lina kivuli kizuri, na magoti yake hayajapumzika vile tangu astaafu. Akaniita kwa jina langu. Sijui kama alikosea.

Lebo moja nimempelekea Mama. Kaisoma mara mbili. Kaibandika ukutani karibu na saa.

Jioni, Mjomba alichukua lebo tupu, akaandika kitu, akaifunga kwenye ufunguo wa pili, akaurudisha msumarini. Rula akanitazama, nikamtazama. Mjomba alipotoka tukapanda juu ya benchi wote wawili, yeye kwa kuchechemea, mimi kwa kuugua. Neno moja tu.

"Bado."

Rula akashuka kanywea. Mimi nikashuka nacheka. Bado! Hajaandika hapana! Mtu akitaka kusema hapana, wino upo.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi kituoni na waya wangu wa breki. Safari ijayo tutakwenda mpaka mwisho wa reli, vituo vitatu mbele ya Kituo cha Juu, na kushuka kutoka huko. Ukianzia juu zaidi, mteremko lazima uwe mrefu zaidi. Rula kaniletea daftari lake, barabara nyekundu yote kaipima na vilima kavichora. Nikamshukuru. Mimi najifunza kutokana na makosa, si kama watu wengine. Kwa hiyo nimepima mstari mweusi kama kawaida, kisha nikaongeza kilomita mbili za ukweni.

Shangazi kashona mfuko wa nane. Mapacha wameshajiandikisha. Mwalimu kasema atakuja na mto wa kukalia.

Na suala la gadi nimelimaliza kabisa. Lebo mpya ziko tayari, sita, maana Rula naye kaomba nafasi. Safari hii nimeandika vituo vyote viwili kwenye kila lebo, cha juu na cha chini, herufi sawasawa, bila upendeleo. Gadi ni mtu mzima, achague mwenyewe.

Mwandiko huu ni nane, kwa uchache.